Nusu Siku Guangzhou: Mji wa Kale, Bustani na Mto wa Lulu kwa Yuan Ngapi?

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo hupanga karibu kila kitu: viza, tiketi, masoko ya kuzunguka, wakala wa kusafirisha. Kisichopangwa ni siku ya mwisho. Mzigo umeshafika ghalani kwa wakala, umepimwa na risiti iko mkononi. Ndege inaondoka usiku. Na hoteli inataka chumba chake saa sita mchana. Hapo katikati hubaki saa tano au sita, ambazo wengi huzimalizia kwenye makochi ya mapokezi wakichaji simu, au wakirudi sokoni kununua vitu ambavyo havikuwamo kwenye orodha na ambavyo vitawazidishia kilo uwanja wa ndege.

Saa hizo zinatosha kuuona mji wa kale, kukaa chini ya miti mikubwa na kupanda boti kwenye Mto Zhujiang, unaojulikana pia kama Mto wa Lulu. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni gharama. Matembezi ya namna hiyo yanaweza kukutoa yuan 40, na yanaweza kukutoa yuan 300, na aliyetoa 300 si lazima awe ameona zaidi. Kwa hesabu ya haraka kichwani, ichukulie yuan 1 kuwa shilingi 350 za Tanzania au shilingi 18 za Kenya. Kwa Mtanzania basi tunazungumzia kati ya shilingi 14,000 na 105,000. Kwa Mkenya, kati ya shilingi 720 na 5,400.

Guangzhou, mji na miti ni karibu bure. Bei inaamuliwa na mto. Kwa hiyo tuanze na boti, kisha mengine yapangwe kuifuata.

Kuna namna mbili za kuingia mtoni. Ya kwanza ni feri ya umma, usafiri wa wenyeji kutoka gati moja hadi jingine, na nauli yake kwa njia za kawaida ni yuan 2. Wakazi wa Kigamboni na Likoni hawahitaji kufundishwa: ni pantoni ya watu wanaokwenda kazini na kurudi nyumbani, isipokuwa ni ndogo zaidi na haibebi malori. Ya pili ni meli za utalii za usiku, zinazoondoka kwenye magati makubwa kama Tianzi, Dashatou na lile lililo karibu na Mnara wa Canton. Huzunguka kwa muda wa kama saa moja, kisha hukurudisha pale pale ulipopandia. Tiketi zake hucheza kwenye yuan 100, chini kidogo ya hapo kwa meli za kawaida na hadi zaidi ya 200 kwa meli kubwa zenye viti vya ghorofa ya juu, chai na matunda mezani.

Ukizitazama kwa bei peke yake, tiketi moja ya meli ya usiku ni nauli hamsini za feri. Lakini hazifanyi kazi moja, na hapa ndipo watu wengi hukosea kulinganisha. Meli ya usiku inauza taa. Kuanzia kama saa moja na nusu jioni, madaraja yote ya katikati ya mji huwashwa rangi, majengo marefu ya Zhujiang New Town huchezesha picha kwenye kuta zake, na Mnara wa Canton, uliofunguliwa mwaka 2010 ukiwa na urefu wa mita 600, hubadilika kutoka rangi moja hadi nyingine huku kivuli chake kikitetemeka majini. Ni pazuri kwelikweli, na kwa mtu aliyekuja na mwenza wake au watoto, saa hiyo moja inaweza kuwa ndiyo itakayosimuliwa nyumbani. Asiyekuwa na usiku hana sababu ya kuinunua. Meli ya utalii ya alasiri, pale inapopatikana, inakutoza bei ya taa ambazo hazijawashwa.

Feri ya mchana inauza mji wenyewe. Kutoka majini unauona upande wa kale ulivyokaa: jengo la forodha lenye saa kubwa mnarani, lililokamilika mwaka 1916, Hoteli ya Aiqun ya mwaka 1937 ambayo zamani ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote mjini, na Daraja la Haizhu, la kwanza kuuvuka mto huu ndani ya mji. Lilifunguliwa mwaka 1933, likalipuliwa mwaka 1949 na majeshi ya serikali ya Kuomintang yalipokuwa yakikimbia, na likajengwa upya mwaka uliofuata. Ukipita chini yake unaziona riveti za chuma zimejipanga safu kwa safu, na juu yako mabasi yanangurumisha sakafu. Ndani ya feri kuna viti vya plastiki, mama aliyetoka sokoni na mboga zake kwenye kigari cha magurudumu mawili, kijana anayesinzia na helmeti mapajani. Boti ikikaribia gati, mfanyakazi anaitupa kamba kwenye nguzo ya chuma, anaizungusha, boti inajivuta yenyewe hadi ukingoni, kilango kinafunguliwa na watu wanashuka bila kusukumana. Shughuli nzima haichukui hata dakika moja. Hicho ndicho unachokipata kwa yuan 2, na kwa maoni yangu ndicho kinachomfaa zaidi mtu mwenye nusu siku ya mchana.

Udhaifu wa feri ni ratiba. Njia zake hazifanani: nyingine hupita mchana kutwa, nyingine hupita asubuhi na jioni tu wakati wa watu kwenda na kutoka kazini, na mapema usiku nyingi huwa zimeshalala. Kwa hiyo usiipange kwa kuikisia. Fika kwenye gati, angalia ubao wa saa, ambao una tarakimu unazoweza kuzisoma hata kama hujui herufi moja ya Kichina, na uwe na magati mawili kichwani. Tianzi na Xidi ndiyo yaliyo karibu na mji wa kale; Huangsha na Fangcun yako magharibi; Zhongda liko upande wa pili wa mto, kusini. Njia ndefu ikiwa haina boti karibu, panda hata ile inayovuka tu, kisha rudi nayo. Utakuwa umetumia yuan 4 kwenda na kurudi na umeuona mto kutoka katikati yake.

Sasa miti. Aliyefikia Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hulala na kula, ana bahati ambayo pengine haijui: Bustani ya Yuexiu iko umbali wa kutembea kwa miguu, kama robo saa hadi dakika ishirini, na kiingilio chake ni bure. Aliyekuwa kwenye soko la nguo la Baima au maduka ya viatu na saa za mkononi ya Zhanxi, karibu na kituo kikuu cha treni, yuko kituo kimoja tu cha metro. Bustani hii ina hekta zaidi ya 80, ina vilima saba na maziwa matatu ya kuchimbwa, na miti yake imekua hadi matawi ya upande mmoja wa njia yamekutana na ya upande wa pili. Juani, katika mji ambao kiangazi chake kina joto na unyevu kuliko Tanga ya mwezi wa pili, tofauti ya kivuli hicho inasikika mwilini mara tu unapopita lango.

Juu ya kilima kimojawapo ipo sanamu ya mbuzi watano, iliyochongwa kwa vipande zaidi ya 130 vya mawe ya matale na kuunganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hekaya ya wenyeji inasema watakatifu watano walikuja wakiwa wamepanda mbuzi, wakawapa watu masuke ya nafaka na kuwaombea wasione njaa tena. Ndiyo maana Guangzhou huitwa pia Mji wa Mbuzi, na alama hiyo utaiona hata kwenye kadi ya nauli. Hatua chache kutoka hapo kuna kipande cha ukuta wa mji wa enzi ya Ming, umeliwa na mizizi ya miti, na Mnara wa Zhenhai wenye ghorofa tano, uliojengwa mwaka 1380 kwa ajili ya ulinzi. Ndani yake ni makumbusho ya mji, na kiingilio ni pesa ndogo.

Kama utalipia kitu kimoja tu upande huu wa mji, mimi ningelipia kingine. Kando ya bustani, kwenye barabara ya Jiefang Kaskazini, yapo Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue, kiingilio yuan 10. Kaburi la mfalme Zhao Mo, aliyezikwa karne ya pili kabla ya Kristo, liligunduliwa hapo mwaka 1983 wakati wa kuchimba msingi wa majengo. Alivishwa vazi la vipande vya jiwe la jade vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri, na miongoni mwa mali alizozikwa nazo yalikuwamo meno matano ya tembo ambayo wachunguzi waliyatambua kuwa ya tembo wa Afrika. Msafiri aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki kuja kununua friji na spea za pikipiki akasimama mbele ya meno hayo, yaliyoufikia mji huu miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, anapata kitu ambacho Mnara wa Canton hauwezi kumpa. Tenga saa moja.

Kwa Waislamu, siku ya Ijumaa ina mpango wake. Jirani na bustani hiyo hiyo kuna msikiti na makaburi ya kale yanayonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawakubaliani kwamba yeye mwenyewe alizikwa China, lakini mahali penyewe ni pa kale na panaheshimiwa, na swala ya Ijumaa hukusanya watu wa mataifa mengi, Waafrika wakiwa wengi. Nje hupangwa vyakula vya halali vya Waislamu wa kaskazini magharibi ya China: mikate ya tanuri, mishikaki ya kondoo, wali wa karoti na nyama. Ijumaa, basi, chakula cha mchana na swala hupatikana pale pale na hakuna nauli ya kuongeza. Siku nyingine, tafuta vijiduka vya tambi za kuvutwa kwa mkono. Bakuli kubwa lenye mchuzi na vipande vya nyama huuzwa kama yuan 15 hadi 20, na unamwona mpishi akiuvuta unga hadi ukawa nyuzi.

Kutoka bustanini, ingia metro kituo cha Yuexiu Park, mstari wa 2, ushuke Haizhu Square. Nauli ya metro ya Guangzhou huanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za mwanzo, kwa hiyo safari hii ni yuan 2 au 3. Unatokea jirani na barabara ya Yide, ambayo wauza midoseli, mapambo ya sherehe na vifaa vya shule wanaijua vizuri. Wengi wameshaipita barabara hiyo na maboksi begani bila kuinua macho kulitazama Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe ya matale matupu kati ya mwaka 1863 na 1888, lenye minara miwili inayokaribia mita 60. Kuingia ni bure nje ya saa za ibada. Kutoka hapo hadi ukingo wa mto ni dakika chache kwa miguu, na hapo ndipo feri inapoingia kwenye mpango.

Malizia Shamian, kisiwa kidogo kilichotengwa na mji kwa mfereji, ambacho Waingereza na Wafaransa walikitwaa baada ya vita vya kasumba na kukijenga kwa balozi ndogo, benki na makanisa yao kuanzia miaka ya 1860. Leo ni mitaa tulivu ya kutembea, miti ya kale imefunika barabara, na maharusi wa Kichina hupanga foleni kupigwa picha mbele ya nyumba za wakoloni. Hakuna kiingilio. Kituo cha metro cha Huangsha kiko karibu na gati la Huangsha pia. Ukikosa feri ya kufika huko, kutoka Xidi unaweza kutembea kwa ukingo wa mto hadi kisiwani na mto ukawa mkononi mwako wa kushoto njia nzima.

Hesabu ya mchana huo kwa mtu mmoja: metro mara mbili kama yuan 5 au 6, makumbusho 10, feri 2, tambi 20, maji ya kunywa yuan 2 au 3. Jumla ni kama yuan 40. Ukianza saa tatu asubuhi, kufikia saa nane au saa tisa alasiri umemaliza bila kukimbizana.

Upande wa pili wa mizani kuna nusu siku ya jioni ambayo hoteli na mawakala hupenda kuipendekeza: kupanda Mnara wa Canton, kisha meli ya usiku. Tiketi ya kawaida ya mnara, ya kufika kwenye ukumbi wa kutazamia ulio mita 433, ni yuan 150. Ukitaka kufika juu kabisa kwenye mita 488, ni 228. Weka tiketi ya meli kama 100, metro ya kwenda na kurudi isiyozidi 10, na chakula cha jioni cha yuan 40. Umefika 300. Sipingi mtu kutumia pesa yake, lakini kununua vyote viwili kwa usiku mmoja ni kulipa mara mbili kwa mandhari moja. Ukiwa juu ya mnara huuoni mnara, na mnara ndio pambo kubwa la usiku wa Guangzhou. Ukiwa mtoni unauona, pamoja na madaraja na majengo ya pande zote mbili. Tena jioni yenye ukungu au mawingu ya chini, jambo la kawaida hasa miezi ya mvua kuanzia wa nne hadi wa sita, ukumbi wa juu unaweza kukuonyesha weupe mtupu kwa bei ile ile. Kwa hiyo kama ni kimoja, chagua meli.

Na kwenye meli, pesa iende kwenye kiti. Vyumba vya chini vina viyoyozi na vioo, na usiku vioo hivyo hukurudishia sura yako na taa za ndani. Picha zote hutoka zimeharibika. Ghorofa ya wazi juu ndiyo yenye thamani. Tofauti ya yuan 20 au 30 kwa ajili yake ilipe kwa moyo mweupe. Sahani ya matunda, chai na chakula cha kujipakulia ndani ya meli visikushawishi. Ukishuka tu utakula vizuri zaidi kwa nusu ya bei. Nunua tiketi dirishani au kwenye programu yako ya malipo. Watu wanaokufuata karibu na magati na kwenye mtaa wa maduka wa Beijing Lu wakiwa na karatasi zenye picha za meli wanauza safari zile zile, na huna namna ya kujua mapema ni meli gani na kiti gani wamekukatia.

Ninachokipendekeza kwa mwenye siku nzima ni mchanganyiko: bustani, makumbusho, feri na Shamian mchana, kisha meli ya usiku kwenye ghorofa ya wazi, bila mnara. Jumla ni kama yuan 160 hadi 170, karibu shilingi 60,000 za Tanzania au 3,000 za Kenya. Mwenye nusu siku tu achague upande mmoja asijaribu kubana vyote. Foleni ya metro jioni ikichanganyika na saa ya meli kuondoka, utafika gatini ukitweta na tiketi imepita.

Mlima Baiyun nao hutajwa kila mtu anapouliza kuhusu kijani kibichi. Kiingilio ni yuan 5, gari la kamba la kupandia ni 25, na kilele chake cha mita 382 kinakuonyesha mji wote siku ya hewa safi. Ni mahali pazuri, lakini kwenda, kupanda, kushuka na kurudi kunakula nusu siku yote, na mto unabaki bila kuguswa. Uweke kwa safari yenye Jumapili tupu.

Mnaokwenda kwa kikundi, hesabu ya usafiri inabadilika. Teksi huanzia yuan 12 kwa kilomita 3 za mwanzo, kisha yuan 2.6 kwa kila kilomita; safari ya kilomita 5 haifiki 20 kama barabara ni nyeupe. Watu wanne wakigawana ni chini ya yuan 5 kila mmoja, karibu sawa na metro, na mama mwenye mtoto mgongoni hatapanda ngazi. Kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja na nusu, teksi husimama kwenye msongamano na mita inaendelea kutembea. Wakati huo hata kikundi kishuke chini ya ardhi. Ukipewa bei ya mkupuo ya gari, dereva na tiketi, omba utajiwe bei ya tiketi ya meli peke yake. Ukishaitoa kwenye jumla, utajua unalipia shilingi ngapi kwa gari ambalo pengine litatembea kilomita kumi jumla. Kwa mzazi mwenye watoto, uliza bei ya mtoto kabla ya kulipa: China mara nyingi mtoto hupimwa urefu, na aliye chini ya alama ukutani huingia bure au nusu.

Suala la malipo linastahili nafasi yake, kwa sababu ndilo linalowachelewesha wageni mlangoni. Guangzhou inalipa kwa simu. Sakinisha Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani na uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard. Tangu mwaka 2023 kadi za nje zinakubaliwa kwa upana zaidi, na ndani ya Alipay utapata msimbo wa kupitia kwenye mageti ya metro. Malipo ya yuan 200 kushuka chini hayana makato ya programu. Ukizidisha hapo unakatwa asilimia 3. Kwa hiyo baba anayekata tiketi tatu za meli za yuan 100 kwa malipo ya mkupuo anaongezewa yuan 9 ambazo asingelipa kama angezikata moja moja. Benki yako inaweza kuwa na makato yake juu ya hayo, ulizia. Taslimu bado ni halali, lakini chenji huwa shida, hivyo beba noti na sarafu za yuan 1 kwa ajili ya feri. Ramani ya Google haitakusaidia huko. Piga picha ya jina la gati na la hoteli yako kwa maandishi ya Kichina, umwonyeshe dereva au mpita njia. Pasipoti itembee nawe, sheria inamtaka mgeni awe nayo, na madirisha mengi ya tiketi huiomba.

Majira nayo yana bei. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yanayofanyika tangu mwaka 1957, hujaza mji mara mbili kwa mwaka, mwezi wa nne hadi wa tano na mwezi wa kumi hadi wa kumi na moja. Hoteli hupanda, meli za usiku hujaa, na tiketi inabidi ikatwe mapema. Mwezi wa saba hadi wa tisa ni wa joto kali na vimbunga. Onyo la kimbunga likitolewa feri na meli husimamishwa, na mpango wako ubaki na makumbusho. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili maonyesho yamekwisha, hewa imekauka, jua halichomi, na bei zimeshuka. Anayeweza kuchagua safari yake ya mzigo aichague hapo.

La mwisho ni mabegi. Acha mizigo yote mapokezi hotelini ukishakabidhi chumba; metro hupitisha kila begi kwenye mashine ya ukaguzi, na sanduku la kilo 23 ngazi za Yuexiu haliziwezi. Ukimaliza Shamian, rudi uyachukue kabla ya saa kumi jioni. Kwenda uwanja wa ndege kwa metro ni chini ya yuan 10 na kwa teksi ni zaidi ya 100, lakini mstari wa 3 unaokwenda huko ndio unaosongamana kuliko yote watu wakitoka kazini, na mwenye masanduku mawili hatapata pa kuyasimamisha. Ama uupande mapema, ukasubiri ndege yako uwanjani, ama mtafutane wawili watatu wenye ndege ya usiku ule ule mkodi teksi moja na kugawana.